Robo ya Montana na Sheria ya Kumi na Nne

Klabu yetu ya sarafu hapa Butte, jimbo la Montana, ina sheria ishirini na tisa, na zote kaziandika mtu mmoja. Huyo ni Thurlow Beckwith, zamani meneja wa benki, sasa mwenyekiti wa watu kumi na wanane wenye magoti mabovu. Mimi shule niliishia darasa la nane nikashuka mgodini, na mambo ya kuandikwa hayanikai kichwani. Lakini sheria ya kumi na nne naijua kama jina langu, maana ilizaliwa mbele ya macho yangu.

Mke wangu Aune alikuwa akikusanya vijidhahabu vya ukumbusho. Si pesa vile, hupati navyo hata mkate. Vilitengenezwa zamani vya kuwauzia watu waliokwenda kutembea: kimoja kina jina la Oregon, kingine Idaho, kingine cha maonyesho makubwa ya Seattle, kingine cha yale ya San Francisco, ili mtu akirudi kwao aseme na mimi nilifika. Vidogo mno. Ukucha wa kidole cha mwisho unakifunika, na ukikichekea karibu kinaruka.

Siku moja Aune alileta Oregon yake mpya klabuni. Beckwith akaomba kuiona, ikamponyoka, akarudi hatua moja nyuma ili aitafute, akaikanyaga. Ikapinda kama ganda la mbegu ya boga. Sasa wewe fikiri, mtu akikanyaga dhahabu ya mwenzake anasema nini? Anasema samahani. Yeye alisema, "Hapa panahitaji utaratibu." Mwezi uliofuata akaja na karatasi iliyopigwa chapa: kitu kikianguka sakafuni, kila mtu asimame pale pale alipo, kama alivyo, bila kuinua wala kushusha mguu, mpaka kipatikane. Atakayetafuta ni yule aliye karibu zaidi na sauti, basi. Wakubwa ndivyo walivyo duniani kote. Akikosea yeye, sheria mnapewa nyinyi.

Aune alicheka tu. Aliipanga Oregon yake iliyopinda kwenye ubao wake wa mahameli nyeusi, katikati, mahali pa heshima. Ubao huo aliutengeneza mwenyewe, akitoboa matundu kwa mkasi wa kucha, moja moja, kila kijidhahabu na tundu lake. Alivipata vyote kwa miaka thelathini, isipokuwa kimoja. Na hicho kimoja kilikuwa robo ya Montana, kijidhahabu chenye jina la jimbo letu, kilichopigwa chapa ya robo kana kwamba ni robo dola.

"Waino," alikuwa akiniambia, "tuna ya kila mtu ila ya kwetu. Mgeni akija nitamwambia tunaishi wapi?"

"Mwambie tunaishi tunduni," nilimjibu.

Tundu lenyewe alishalitoboa. Kwa kweli alitoboa mawili. La kwanza lilikuwa dogo mno, alikosea kipimo, akasema liache, hilo ni la mgeni asiyejulikana. Akatoboa la pili pembeni, la kipimo sahihi, na hilo likakaa tupu likimsubiri Montana. Likamsubiri mpaka majira ya baridi miaka minne iliyopita, mwaka ambao wakubwa waliona vema kumhamisha daktari wa moyo kwenda mji ulio mbali, saa mbili kwa gari, na barabara ya Januari huku kwetu haisikii dua ya mtu. Sitasema zaidi. Ubao ukabaki ukutani juu ya meza ya kulia, matundu mawili yakinitazama nikila.

Basi Machi iliyopita Mirko Vuchetich akanipigia simu asubuhi. Mirko ni mwenzangu wa mgodini, tumekula vumbi moja miaka kumi na tisa.

"Mzee, umekaa?"

"Nimekaa."

"Kaa tena. Kuna mama wa mji wa Anaconda kaleta vitu vya marehemu baba yake viende kwenye ubao wa mnada klabuni. Nimeviona. Kuna robo ya Montana."

Nikautazama ubao wa Aune ukutani.

"Waino? Umekufa?"

"Bado."

"Basi oga. Na Beckwith naye kaiona. Katabasamu mpaka meno ya bandia yakaingia baridi."

Hapo nikajua shughuli ipo. Maana Beckwith naye hana Montana. Kabati lake la kioo lina kila jimbo, na pale pa Montana kaweka kikaratasi kimeandikwa "inatarajiwa", kama treni.

Ubao wetu wa mnada unakwenda hivi. Vitu vinawekwa kwenye vikadi vya karatasi ngumu vyenye kidirisha, vinatundikwa kwenye kulabu, na chini ya kila kulabu kuna karatasi. Unaandika namba yako ya uanachama na bei yako. Anayekuja anaandika chini yako, akizidisha dola tano. Hakuna kupiga kelele, hakuna nyundo. Saa kumi kamili alasiri Bi Philomena Harrington anapiga kikengele chake, penseli zinashuka, na namba ya mwisho kwenye karatasi ndiyo imechukua. Kwa hiyo mchana kutwa watu wanakunywa kahawa na kula donati wakijifanya hawana haja na ubao. Ikifika saa kumi kasoro dakika tatu, wazee walioshuka ngazi kwa kushikwa mkono wanauvamia kama kuku waliomwagiwa mtama.

Jumamosi ile nilivaa suti ya mazishi, sina nyingine. Tunakutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, sakafu ya vigae, mabomba yanakoroma darini. Nikaenda moja kwa moja kwenye ubao. Ilikuwepo. Ilining'inia kati ya senti ya Kanada na beji ya zimamoto, ndogo kama punje ya dengu, inang'aa kama imepigwa busu. Nikaandika thelathini na moja. Hiyo ilikuwa namba ya Aune. Uanachama ni wa nyumba, mimi sijawahi kuwa na namba nyingine.

Beckwith akaja nyuma yangu na koti lake la vifungo vya shaba.

"Mzee Kesti. Sikujua kama wewe nawe ni mkusanyaji."

"Mimi ni mjane, Mwenyekiti. Nakusanya kilichobaki."

"Vitu hivi vinahitaji utunzaji. Unyevu, mwanga, vidole."

"Na viatu," nikasema.

Akaandika namba yake, namba moja kama kawaida, akaenda zake kula donati bila kunitazama. Mirko, aliyekuwa akijifanya anasoma tangazo la mkutano wa akina mama, akasema kwa chini, "Umempiga ya mbavu. Sasa usimguse tena mpaka mwisho. Mwache alale."

"Na nikichelewa?"

"Mimi nitasimama nyuma yake. Nina tumbo, Waino. Mungu hakunipa bure."

Saa zile mbili, kutoka saa nane mpaka saa kumi, sijui niseme nini. Mtu mzima wa miaka sabini na mitano, nilikuwa natetemeka kama bwana harusi. Nilikunywa kahawa vikombe vinne. Nilikwenda msalani mara tatu, na kila nikirudi nakuta namba moja iko chini yangu. Nikaandika, akaandika. Mfukoni nilikuwa na bahasha ya akiba ya kupaka nyumba rangi, na nilishaamua nyumba ikae na rangi yake. Bi Philomena, ambaye ana miaka themanini na minane na amepiga kengele hiyo tangu nikiwa kijana, alinitazama juu ya miwani.

"Waino, kijana wangu, umevuta tai mpaka umekuwa wa zambarau."

"Ni joto, mama."

"Nje kuna theluji," akasema. "Legeza tai. Aune hatapenda ufike kwake leo, utamharibia siku."

Saa kumi kasoro dakika mbili. Kundi likaubana ubao. Viwiko, fimbo, harufu ya dawa ya kuchua. Kadi zilikuwa zikiyumba kwenye kulabu kama nguo kambani. Mirko akajileta na tumbo lake nyuma ya Beckwith, lakini Beckwith alipita ubavuni kama jongoo. Mimi nikapenyeza mkono chini ya kwapa la mtu ambaye sikumwona uso, nikaandika thelathini na moja kwa mwandiko ambao hata mwalimu wangu wa darasa la nane angelia. Nikarudi nyuma nusu hatua nipumue.

Beckwith akasogea, penseli mkononi. Akaisukuma miwani juu ya paji la uso ili aone nilichoandika. Na hapo hapo, katikati ya vurugu, tukasikia sakafuni: *ting*.

Ting ndogo, ya kitu kidogo, cha mviringo, kinachoruka mara mbili kwenye kigae.

Beckwith akaona wote tumetazama chini, akatupa jicho kwenye kulabu ya Montana. Tupu. Akageuka na kuupa ubao mgongo, mikono juu, akanguruma kwa sauti ya benki:

"Montana imeanguka. Sheria ya kumi na nne. Mtu asisogee."

Na hakuna aliyesogea. Lazima niwasifu watu wetu, wamefundishwa. Wazee kumi na wanane tukaganda. Mmoja alikuwa ameinua kikombe, kikabaki mdomoni. Mama mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akikuna mwingine, akashikilia shingo ya mwenzake. Beckwith mwenyewe alikuwa na kisigino juu, ncha ya kiatu chini, penseli imeelekea darini. Kanisa zima lilikuwa kimya, mabomba tu yakikoroma.

"Nani aliye karibu na sauti?" akauliza Beckwith.

"Mimi," akasema Mirko, "Mungu anisaidie." Akashuka chini kwa magoti, na kila goti lilitoa mlio wake. Akaanza kutambaa kati ya viatu vyetu na kitochi cha funguo.

Mimi nilikuwa nimeganda nimeelekea ubaoni. Moyo ulikuwa umenishuka mpaka kwenye soksi. Nikawaza, miaka thelathini, halafu leo ikanyagwe tena, na kiatu kile kile. Nikatazama kulabu tupu kwa uchungu. Ndipo nikaona, nyuma ya kadi ya senti ya Kanada, kona ya kadi nyingine imechungulia. Kulabu zile ni nyembamba na zimekaribiana. Kwenye msukosuko Montana ilirukia kwa jirani, ikajificha mgongoni kwake. Haikuanguka. Ilikuwa ikining'inia pale pale, salama, imejibanza kama mtoto nyuma ya pazia.

Sasa mtu mwema angesema. Naandika haya ili nisiseme uongo: nilifungua mdomo niseme. Lakini macho yangu yakapanda kidogo, nikaona saa ya ukutani juu ya ubao. Saa kumi kasoro dakika moja. Nikaona karatasi, na mstari wa mwisho kwenye karatasi, mwandiko mbaya kabisa wa thelathini na moja. Beckwith amegeuza mgongo, haoni saa, haoni kadi, na mguu wake umefungwa kwa sheria aliyoitunga yeye.

Nikafunga mdomo. Najua Aune angenikanya kwa mambo ya hila. Najua pia angenikanyaga mguu ili ninyamaze.

"Umeona kitu, Vuchetich?" Beckwith akauliza.

"Nimeona soksi mbili zisizofanana," sauti ikatoka chini. "Sitaji jina."

Mtu akaanza kucheka puani. Unajua kicheko cha kanisani kinavyoambukiza. Yule mwenye kikombe akaanza kutikisika, kahawa ikamwagika shatini, na hathubutu kukishusha. Mama wa mguu mmoja akasema, "Jamani mguu umekufa ganzi, naanguka," na mwenzake akamwambia, "Ukianguka na wewe tutakutafuta kwa sheria ile ile." Tukawa tunatetemeka kumi na wanane, machozi yanatoka, tumesimama kama sanamu zilizopata homa. Nami nilikuwa nacheka. Miaka minne sijacheka mpaka mbavu ziume, na sasa siwezi hata kujishika mbavu.

"Kimya," akasema Beckwith. "Endelea, Vuchetich. Chini ya meza."

"Magoti, Mwenyekiti. Naenda kwa mwendo wa umri wangu."

Mshale wa saa ukafika juu. Bi Philomena alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na sheria haisemi kitu juu ya mkono wa aliyeketi ikiwa mkono huo ulikuwa tayari kwenye kengele. Akapiga. Kengele ile ni ndogo, ya mezani, ya kuitia mhudumu, lakini katika kimya kile sote tuliisikia.

Beckwith hakutikisika hata kope.

Tukasubiri. Bi Philomena akapiga mara ya pili, kwa adabu. Beckwith akaendelea kutazama sakafu. "Chini ya kabati nako," akasema.

Hapo Mirko akatokea chini ya meza, mwekundu kama kiazi sukari, ameinua ngumi.

"Nimeipata."

"Shika kwa ukingo," Beckwith akasema. "Kwa ukingo, mtu wewe."

Mirko akafungua kiganja chini ya taa. Kitu chenyewe kilikuwa cha mviringo, kidogo, chembamba. Lakini hakikuwa na dhahabu wala jina la jimbo. Kilikuwa cha kijivu.

"Hii Montana imepauka," akasema Mirko. Akainusa. "Mwenyekiti, hii ni betri ya sikio."

Beckwith akapeleka mkono sikioni taratibu, akakipapasa kifaa chake cha kusikia. Kijimlango kilikuwa wazi. Ile miwani alipoisukuma juu, mkono wa miwani ulikitekenya, betri ikaruka. Alikuwa amesimama pale dakika nzima akituamrisha kwa sikio moja ambalo nalo, tunajua sote, ni la mapambo.

"Basi sheria imekwisha," akasema haraka, akashusha kisigino, akageuka ubaoni na penseli.

"Penseli chini, Thurlow," akasema Bi Philomena.

"Unasemaje?"

Mama akapandisha sauti. "Nimeshapiga. Saa kumi kamili. Nikapiga na ya pili, ya zawadi."

"Mimi sikusikia kengele yoyote."

"Sheria ya tisa," akasema mama yule, "inasema kengele ikilia. Haisemi ikisikika. Uliiandika wewe, na nilikusahihishia."

Ukumbi ulipasuka. Yule wa kikombe hatimaye akakishusha na kulala juu ya meza akipiga ngumi. Watu walishikana mabega. Beckwith alitazama karatasi, akatazama saa, kisha akaitoa kadi ya Montana nyuma ya senti ya Kanada, akaitazama muda mrefu. Nilidhani ataleta sheria ya thelathini papo hapo. Masikio yalimwiva. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na nikaona, kwa mshangao wangu mkubwa, kwamba mtu huyu anajua kucheka. Anacheka kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Akaja akanikabidhi.

"Namba thelathini na moja," akasema. Kisha, polepole, "Mzee Kesti, naomba niitoe kwenye kadi mara moja. Niitazame kwa lenzi. Nimeitafuta siku nyingi."

Macho yote yakashuka kwenye viatu vyake. Wote tulikuwa tukiwaza Oregon.

Ningeweza kumkatalia, na kwa haki. Nilishika kile kikadi, nikayafikiria yote: viatu, karatasi zilizopigwa chapa, wakubwa wa mgodi, wakubwa wa hospitali, kila aliyewahi kunisimamia huku ameketi. Kisha nikamtazama, mzee mwenye sikio wazi na lenzi mkononi, anatetemeka kama nilivyotetemeka mimi saa nane.

"Keti kwanza," nikamwambia. "Vua viatu."

Akavua, mbele ya watu. Soksi zake hazikufanana. Bi Philomena akamtandikia kitambaa mapajani, na Mwenyekiti akaishika robo ya Montana kwa ukingo, akaitazama mpaka macho yakamlowa. Akasema "Nzuri sana", akairudisha. Kisha akasema jambo jingine, kwa chini, nadhani hakujua alisema kwa sauti gani kwa kuwa hakuwa na betri. Alisema, "Ile Oregon, samahani." Ukumbi mzima ulisikia.

Sitasema nimemsamehe. Jumanne hii kaleta sheria mpya kuhusu kofia. Lakini ile samahani nimeiweka akilini.

Mirko alinirudisha nyumbani kwa gari lake. Tulikaa mbele ya mlango wangu injini ikinguruma, tukila pai za nyama na viazi kwenye karatasi, na kila tukitulia mmoja anasema "ting" tunaanza upya.

"Niambie kweli," nikamuuliza. "Uliipata lini?"

"Ndani ya nusu dakika. Ilikuwa karibu na kiatu chako."

"Ukaenda chini ya meza kufanya nini?"

"Kupumzika," akasema Mirko. "Na wewe kadi uliiona lini?"

"Kadi gani?"

Tukacheka mpaka jirani akawasha taa.

Ndani, sikuvua hata koti. Niliushusha ubao wa Aune ukutani, nikauweka juu ya meza ya kulia, nikaiweka Montana kwenye tundu lake pembeni mwa Oregon iliyopinda. Iliingia bila kusukumwa. Mkasi wa kucha, na macho yake yale, na wala hakuwahi kuiona Montana. Nikakalia kiti nikaitazama. Sasa mgeni akija, jibu lipo.

Nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta leso nikakuta kitu cha mviringo, cha kijivu. Mirko anaapa alisahau kumrudishia Beckwith, na kwamba hajui kilifikaje kwenye koti langu. Nikakijaribu kwenye lile tundu dogo, la mgeni asiyejulikana.

Kimekaa barabara, kama vile Aune alikipima.